Matege Yalianzia Utumboni

Kwa muda mrefu matege yalihesabiwa kuwa ugonjwa wa mifupa, na si ajabu, kwani mguu uliopinda hauhitaji darubini. Edward Mellanby wa London, aliyeeleza mwaka 1919 jinsi mafuta ya ini la samaki yalivyowakinga watoto wa mbwa waliolishwa uji wa shayiri, naye alikuwa akikagua mifupa. Mtafiti McCollum akaipa kinga hiyo jina la vitamini D, lakini haikujulikana inafanyia kazi wapi. Ndipo mwaka 1937 Ragnar Nicolaysen, huko Oslo, akaonyesha kwamba panya waliokosa vitamini hiyo hushindwa kufyonza kalsiamu utumboni. Naona historia ya vitamini D ilipaswa kusimuliwa kuanzia hapo, kwenye utando wa seli za utumbo, wala si kwenye goti lililopinda.

Utando huo wenyewe ulichelewa kupewa haki yake. Mwaka 1966 Wasserman na Taylor walipata katika utumbo wa vifaranga protini inayoshika kalsiamu, ambayo vifaranga walionyimwa vitamini D hawakuwa nayo. Wengi wakaona mchukuzi amepatikana. Lakini mwishoni mwa miaka ya 1970 watafiti walizuia kwa dawa utengenezaji wa protini katika seli za vifaranga, kisha wakawapa vitamini hiyo katika umbo lake tendaji. Kalsiamu ikapita vilevile. Howard Rasmussen na wenzake wakagundua kwamba hata mafuta yanayojenga utando yalikuwa yamebadilika, fosfatidilikolini ikiwa imeongezeka. Kwao, vitamini D ililegeza ukuta wenyewe.

Atakayepinga atataja TRPV6, mfereji wa kalsiamu uliotambuliwa mwaka 1999 katika utumbo wa panya. Ni pingamizi zito, ila panya waliozaliwa bila mfereji huo bado huongeza ufyonzaji wanapopewa umbo tendaji la vitamini D. Hilo halimpi Rasmussen ushindi. Linamnyima ushindi yeyote anayetaka mlango mmoja tu. Pingamizi la pili, kwamba vitamini D hujenga mfupa moja kwa moja, ni jepesi zaidi. Panya walioondolewa kipokezi cha vitamini hiyo, walipolishwa chakula chenye kalsiamu, fosfeti na laktosi kwa wingi, hawakupata matege.