Erlang
Erlang ni lugha ya programu na jukwaa la kuendeshea seva, iliyobuniwa na Joe Armstrong, Robert Virding na Mike Williams katika maabara ya Ericsson, Uswidi, kuanzia mwaka 1986, kwa ajili ya mitambo ya simu. Ikawa programu huria mwaka 1998. Kila muunganisho hupewa mchakato wake mdogo, usiochangia kumbukumbu na mwingine. Mmoja ukianguka, mchakato unaousimamia huuanzisha upya na mingine huendelea na kazi. Uthabiti huo, kuliko kasi, ndio sababu bora ya kuichagua. Mwaka 2012 WhatsApp ilieleza kuwa seva yake moja inayotumia Erlang ilibeba miunganisho zaidi ya milioni 2 kwa pamoja. Kwa ukokotoaji mzito, C++ huishinda kwa mbali.