Rupia na Shilingi za Nyanda za Juu: Namna ya Kuhukumu Hali ya Sarafu za Kale

Katika Kiswahili neno fedha lina maana mbili: ni madini meupe, na ni mali ya kununulia. Maana hizi hazikukutana kwa bahati tu. Kwa muda mrefu sarafu iliyokubaliwa pwani na bara ilikuwa fedha yenyewe, na thamani yake ilikuwa katika uzito wake. Katika nchi za Iringa na Mbeya sarafu za namna hiyo zingali zikionekana, katika visanduku vya wazee au katika udongo wa mahame. Mara nyingi aliyeipata humwendea kwanza mwalimu au padre, kwa kuwa hao hudhaniwa kuyajua maandishi ya kigeni. Basi yatupasa kujua kuisoma na kuihukumu kwa haki. Maana hukumu mbaya ina hasara mbili: mwenye mali hupunjwa, na habari za nchi hupotea.

Tuanze na majina. Kabla ya utawala wa Wadachi sarafu kubwa ya pwani iliitwa reale, na iliyoenea sana ni ile yenye sura ya Maria Theresa, malkia wa Austria, yenye uzito wa gramu 28. Juu yake umeandikwa mwaka 1780, ndio mwaka aliokufa malkia huyo. Lakini viwanda viliendelea kuigonga kwa mwaka ule ule hata katika karne ya 20. Kwa hiyo mwaka ulioandikwa juu ya reale hauthibitishi umri wake. Sehemu ya nane ya reale iliitwa thumuni, neno lililotoka Kiarabu. Reale ilikuwa rupia mbili na kidogo, hivyo thumuni ilikaribia robo ya rupia. Na rupia ilipohesabiwa kuwa shilingi mbili, robo yake ikawa senti 50. Hapo twaelewa kwa nini senti 50 ziliitwa thumuni, ijapokuwa si sehemu ya nane ya shilingi.

Rupia ya kwanza ilikuwa ya Bara Hindi. Mwaka 1890 Kampani ya Wadachi ya Afrika Mashariki ikaanza kutoa yake, yenye uzito ule ule wa gramu 11.66, na katika sehemu 1000 za madini yake 917 ni fedha safi. Upande mmoja yupo Kaisari Wilhelm II, amevaa chepeo yenye tai, na maneno ya Kilatini GUILELMUS II IMPERATOR. Upande wa pili yupo simba pamoja na mti mfano wa mnazi. Rupia hiyo ilikuwa pesa 64. Kuanzia 1904 zilitoka rupia za serikali, zenye jina la koloni badala ya jina la kampani, na kila moja ikagawanywa kwa heller 100. Herufi ndogo A huonyesha kiwanda cha Berlin, na J kiwanda cha Hamburg.

Sarafu hizi hazikupanda milimani kwa biashara peke yake. Ngome ya Kalenga ilianguka mwaka 1894, na mwaka 1897 ikatangazwa kodi ya nyumba, rupia 3 kwa nyumba ya shamba. Asiyekuwa nazo mwanzoni aliweza kulipa kwa mazao au kwa kazi. Wakati huo Mkwawa alikuwa angali akipigana porini, na Gavana Liebert akatangaza thawabu ya rupia 5000 kwa kichwa chake. Tuihesabu thawabu hiyo kwa mizani: rupia 5000 zina uzito wa kilo 58 na zaidi, yaani mizigo miwili ya mpagazi. Tuihesabu tena kwa kodi: ni kodi ya mwaka mzima ya nyumba zaidi ya 1600. Mkwawa alijiua tarehe 19 Julai 1898 asishikwe akiwa hai, na fuvu lililopelekwa Ulaya lilirudishwa Kalenga mwaka 1954. Mwalimu akiwa na rupia moja ya kampani mkononi aweza kuwafahamisha wanafunzi jambo hili kuliko kwa maneno mengi.

Mji wa Mbeya haukuwapo zama zile. Ulianza mwaka 1927, wakati wa dhahabu ya Lupa, na sarafu yake ni shilingi. Mageuzi ya 1920 na 1921 yaliifanya rupia kuwa sawa na shilingi mbili. Lakini shilingi mpya, yenye simba mbele ya milima, ilikuwa na gramu 7.8 tu, na robo yake tu ndiyo fedha. Kwa hesabu hiyo fedha iliyomo katika rupia moja yalingana na ile ya shilingi tano na nusu. Aliyeiweka rupia yake nyumbani hakuwa mjinga. Shilingi zilizogongwa kuanzia 1948 hazina fedha kabisa.

Sasa tuje kwenye hukumu. Lazima kutenganisha mambo matatu. Sarafu imelika ikiwa imepungua polepole kwa kupita mikononi. Imeumia ikiwa imetobolewa, imekwaruzwa au imesuguliwa. Ina kasoro ya kuzaliwa ikiwa muhuri wa kiwandani ulikuwa umechoka au haukupiga sawasawa. Daraja hukatwa kwa kulika. Majeraha na kasoro hutajwa mbali.

Kulika huanza palipoinuka. Katika rupia tazama tai wa chepeo, sharubu na shavu la Kaisari, kisha mwili wa simba. Katika shilingi tazama taji la mfalme na manyoya ya shingo ya simba. Twapendekeza madaraja matano. Mpya: haikulika popote, na ukiigeuza nuruni mng'ao wake huzunguka kama miali ya gurudumu. Bora: ncha tu zimeguswa. Nzuri: manyoya na sharubu zimeungana, lakini umbo ni kamili. Ya wastani: sura imekuwa kama kivuli, maandishi yote yasomeka. Hafifu: mwaka au maandishi yameanza kutoweka. Wakusanyaji wengi wa leo hutumia namba 1 hadi 70, kipimo alichotunga Mmarekani William Sheldon mwaka 1949 kwa senti za shaba za nchi yake. Lakini jicho linalotazama ni lile lile.

Jambo moja twalisihi sana: sarafu isisuguliwe. Majivu, mchanga na ndimu huondoa weusi, na pamoja nao huondoa ngozi ya sarafu. Weusi wa fedha si uchafu. Ni alama ya miaka, nao huilinda. Rupia iliyosuguliwa hung'aa pande zote bila miali, na mnunuzi mwenye ujuzi huitambua mara moja. Wala isitupwe juu ya jiwe ili isikike ikilia, maana ukingo huumia. Mizani yatosha: rupia isiyolika sana ikipungua gramu nzima, ishuku.

Imebaki rupia iliyotobolewa ili ivaliwe. Mkusanyaji huishusha, naye ana haki katika soko lake. Kwetu sisi tundu hilo ni maandishi ya pili: kichwa cha Kaisari kilichogongwa Berlin kiligeuzwa pambo la mtu wa milimani, na aliyetoboa hakuandika jina lake mahali pengine. Kwa hiyo mwalimu aletewapo sarafu aandike uzito wake, mwaka, herufi ya kiwanda, daraja na majeraha. Kisha amwulize mwenyewe ilitoka kwa nani na ilikaa wapi, na hayo pia ayaandike siku ile ile. Mizani itakuwapo kesho. Mzee aijuaye habari ya sarafu huenda asiwepo.