Mlima Hoyo na Suala la Mwenyeji wa Kwanza

Barabara itokayo Butembo kuelekea Goma hupanda hadi Alimbongo, juu ya milima ya Lubero, mahali penye baridi na ukungu ambapo mashamba ya viazi na maharage yamechukua nafasi ya msitu wa zamani. Upande wa mashariki ardhi hiyo hushuka kwa kasi hadi kwenye Bonde la Ufa na Ziwa Edward. Kwa Wanande waishio katika milima hiyo, historia ya ardhi huanza na shoka. Aliyetangulia kukata msitu ndiye mwenye ardhi. Yeye na wazao wake huitwa bakonde, na wale waliofika baadaye huwatambua hivyo kwa heshima na kwa zawadi za mavuno. Masimulizi ya koo nyingi husema kwamba mababu walitoka upande wa Kitara, wakavuka mto Semliki, wakapanda milimani. Masimulizi hayohayo hukiri kwamba msituni walikutwa wawindaji, yaani Wambuti.

Katika mpango huo wa mawazo msitu ndio mwanzo wa kila kitu. Ulikuwapo tangu asili, na binadamu ndiye mgeni. Hapo ndipo ushahidi wa akiolojia unapoleta utata, na ushahidi ulio muhimu kuliko wote unatoka katika mlima mwingine, Hoyo, ulioko kaskazini ya Beni, katika Ituri, ukingoni mwa msitu mkubwa.

Hoyo ni mlima wa mawe ya chokaa uliojaa mapango. Katika pango moja liitwalo Matupi, Francis Van Noten wa Makumbusho ya Tervuren, Ubelgiji, alichimba mnamo 1973 na 1974. Eneo alilofukua lilikuwa dogo, lakini lilitoa maelfu ya vipande vya mawe, vingi vikiwa vya shondo, vilivyochongwa vidogo vidogo kwa ajili ya kutiwa katika mipini na mishale. Upimaji wa kaboni ulionyesha kwamba tabaka za chini zina umri unaozidi miaka 40,000. Jambo hili liliwashangaza wataalamu, kwa sababu zana ndogo za namna hiyo zilidhaniwa kuwa za zama za karibu zaidi. Kilipatikana pia kipande cha jiwe lililotobolewa katikati na kuchorwa mistari, ambacho umri wake unakadiriwa kuwa kama miaka 20,000.

Hata hivyo, habari kubwa ya Matupi imo katika mifupa kuliko katika mawe. Wanyama walioliwa na watu wa tabaka za kale walikuwa kwa sehemu kubwa wanyama wa mbuga za majani. Leo pango hilo limezungukwa na miti mirefu. Wakati ule, dunia ilipokuwa na baridi na ukame zaidi, msitu ulikuwa umerudi nyuma, na watu wa Hoyo waliishi wakitazama nyika. Kwa maneno mengine, hapo msitu ndio uliomkuta binadamu.

Si vema kulikuza jambo hili kupita kiasi. Uchimbaji wa Julio Mercader katika mapango mengine ya Ituri, uliofanywa katika miaka ya 1990, ulipata chembechembe za mimea zinazoonyesha kwamba sehemu fulani ziliendelea kuwa na miti hata katika vipindi vya ukame, na kwamba watu waliishi humo. Msitu ulipungua huku na kubaki kule. Na kule Ishango, Semliki inapotoka Ziwa Edward, Jean de Heinzelin alichimba mnamo 1950 makao ya wavuvi wenye machusa ya mifupa, pamoja na kile kifupa chenye alama za kuhesabia ambacho sasa kimehifadhiwa Brussels na ambacho umri wake unakadiriwa kuwa miaka 20,000 au zaidi. Nyika, msitu na ziwa vyote vilikuwa na watu.

Lakini watu gani? Swali hili huulizwa mara kwa mara, na si kwa ajili ya elimu tu, kwani katika Kivu na Ituri madai ya kutangulia yamekuwa hoja katika ugomvi wa ardhi na wa vyeo. Yafaa hapa kutazama mlima mmoja wa mbali, Monte Bibele, kusini ya Bologna katika Italia, kwa kuwa huko kuna kitu kisichopatikana Hoyo: majina yaliyoandikwa. Katika karne ya 4 na ya 3 K.K. palikuwa na kijiji cha nyumba za mawe mlimani hapo, na makaburi yake, zaidi ya mia moja, yamefukuliwa. Baadhi ya wanaume walizikwa na panga za chuma za Wakelti, kisha kando yao vikawekwa vyombo vya karamu vya namna ya Kietruski, na baadhi ya vyombo vina majina ya Kietruski. Je, aliyezikwa na upanga wa Kikelti na kikombe chenye jina la Kietruski ni Mkelti aliyeoa kwa Waetruski, mtoto wa ndoa hiyo, au Mwetruski aliyevaa kama jirani yake? Wataalamu wamelijadili jambo hilo kwa miaka mingi. Wanachokubaliana ni kwamba watu hao waliishi pamoja, mpaka moto ulipoteketeza kijiji, wakati Warumi walipokuwa wakiitwaa nchi ile.

Ikiwa upanga na jina havitoshi kumtambulisha mtu wa Bibele, basi kipande cha shondo cha Matupi hakiwezi kumpa mtu yeyote hati ya ardhi. Anayedai kuwa zana za Hoyo ni za babu zake, awe mkulima au mwindaji, anadai kitu ambacho jiwe halikusema. Mambuti ana haki zake kwa sababu nyingine, na mukonde vilevile; haki hizo zimo katika kumbukumbu, matambiko na mapatano ya karne za karibuni, na huko ndiko zinakopaswa kutetewa.

Tangu miaka ya 1990 vita vimefanya utafiti katika sehemu hizi kuwa mgumu mno. Barabara ya kutoka Beni kuelekea Hoyo imekuwa ya hatari kwa miaka mingi, na mnamo Desemba 2024 mapigano yalifika hadi Alimbongo na kuwafukuza watu mashambani. Katika pango la Matupi, tabaka lenye vigae na mabaki ya Zama za Chuma liko juu kabisa, jembamba, karibu na nyayo za wageni waliokuwa wakija kutazama mlima.