Utah: idara iliyowatafutia wanafunzi wake kazi

Ukifungua faili ya PDF au ukitazama Toy Story, unakutana na kazi ya watu waliosomea uzamifu katika idara moja changa ya Chuo Kikuu cha Utah, Marekani. Mimi huandika programu kila siku na kwa muda mrefu sikulijua hili. Kwa nini Utah, jamani, na si Boston?

Nadhani jibu ni David Evans. Alirudi kwao Utah mwaka 1965 kuanzisha masomo ya kompyuta, akapata pesa za ARPA, shirika la utafiti la Wizara ya Ulinzi. Evans hakuyaamini sana masomo ya uzamifu yenyewe. Alitaka mwanafunzi afanye kitu halisi, amalize haraka, aende zake. Kwa hiyo alizoea kuwatafutia vibarua nje ya chuo.

Alan Kay amesimulia yaliyompata. Alipofika mwaka 1966, Evans alimpa tasnifu ya Ivan Sutherland kuhusu Sketchpad, akamwambia asome. Mapema 1967 akamtambulisha kwa Ed Cheadle, bingwa wa mitambo katika kampuni moja ya vyombo vya anga, aliyekuwa akiunda kompyuta ndogo. Kay akajiunga naye, na mashine hiyo, FLEX, ikawa ndiyo tasnifu yake ya 1969. Kibarua na tasnifu, kitu kimoja!

Mwaka 1968 Sutherland mwenyewe alihamia Utah, na yeye na Evans wakafungua kampuni ya michoro ya kompyuta. Baadhi ya wanafunzi walipata ajira humo. John Warnock, aliyemaliza 1969, alipitia hapo kabla ya kushiriki kuanzisha Adobe mwaka 1982.

Tusidanganyane lakini: pesa za ARPA zilikuwepo, na hazikudai bidhaa kila mwezi. Idara isiyo na pesa hata ikiwa na Evans wake itahangaika.

Tena si wote waliofika mbali. Bui Tuong Phong alimaliza 1973, na kanuni yake ya kuonyesha mwanga unavyong'aa juu ya kitu bado inafundishwa. Alifariki 1975, akiwa na miaka 32 tu.

Na mara nyingine mlango uligongwa ukakataa kufunguka. Sutherland alitaka kubadilishana watu na Disney: wao walete mchoraji Utah, na mwanafunzi Ed Catmull aende kwao kujifunza kusimulia hadithi. Catmull akaenda. Disney hawakulitaka wazo hilo, ila walimpa nafasi ya kubuni vivutio vya bustani zao za burudani. Akakataa, akarudi kumaliza tasnifu yake mwaka 1974.

Toy Story ya Pixar, kampuni aliyoshiriki kuianzisha, ilitoka 1995. Mwaka 2006 Disney waliinunua Pixar, na Catmull akawekwa kuwa rais wa studio yao ya katuni.