Utenzi wa Vita vya Maji Maji: Mshororo wa Mtunzi na Tanbihi ya Mhariri



Mwanachuo wa Matogoro, penye milima unakoanzia Mto Ruvuma, hahitaji kwenda mbali kutafuta Vita vya Maji Maji. Hapa Songea ndipo Wajerumani walipowanyonga mashujaa wa Kingoni tarehe 27 Februari 1906. Lakini akitaka kuusoma utenzi wa vita hivyo, uliotungwa na Abdul Karim bin Jamaliddini wa Lindi, hana budi kupitia lugha za Ulaya. A. Lorenz aliuchapisha mwaka 1933 kwa wasomaji wa Kijerumani. Mwaka 1957 W. H. Whiteley aliutoa pamoja na tafsiri ya Kiingereza, na Margaret Bates akauandikia utangulizi wa kihistoria. Tunawashukuru kwa kuuhifadhi; hata hivyo, maelezo yao yalimlenga msomaji mwingine.

Je, toleo la msomaji wetu lihaririwe vipi? Wapo wanaopendekeza kwamba tungo kongwe zigeuzwe kuwa Kiswahili Sanifu. Pendekezo hilo linavunja utungo. Ubeti wa utenzi una mishororo minne ya mizani nane nane. Mitatu ya kwanza hulingana vina, na wa nne hubeba kina kinachoendelea hadi mwisho. Ukiondoa "mtima" mwishoni mwa mshororo ukaweka "moyo", umepoteza mizani moja, na kina pia.

Yapo maneno magumu zaidi: yale yaliyobaki na sura ileile huku maana ikihama. "Akida" wa zama za Wajerumani alikuwa mtumishi wa serikali aliyewasimamia majumbe na kukusanya kodi. "Mshenzi", katika kauli ya Pwani ya enzi ile, alikuwa mtu wa bara, asiyehesabiwa miongoni mwa waungwana. Neno hili linamchoma mjukuu wa Mngoni. Mhariri akilifuta, ameficha jinsi Pwani ilivyoitazama bara. Akiliacha bila maelezo, ameonekana kuliafiki.

Kwa hiyo mshororo ubaki wa mtunzi, na tanbihi iwe ya mhariri, kwa Kiswahili. Tanbihi hiyo isiishie kwenye msamiati. Mwaka 1969 O. B. Mapunda na G. P. Mpangara walichapisha utafiti wao kuhusu vita hivyo katika Ungoni. Utafiti wa aina hiyo ukiwekwa kando ya beti za mtunzi wa Lindi, msomaji wa Songea atakuta katika ukurasa mmoja kauli ya Pwani na jibu la bara, naye ataamua mwenyewe.