Stesheni iliyozaa Nairobi

Nairobi ni mtoto wa reli. Wajenzi wa reli iliyoanzia Mombasa walipofika hapo Mei 1899 hawakukuta mji, bali tambarare ya majimaji walikonyweshea Wamaasai mifugo yao. Walitua kukusanya vifaa kabla ya kuikabili miteremko ya Bonde la Ufa, na makao makuu ya reli yakahamishwa kutoka Mombasa. Karakana, maduka na ofisi zikafuata.

Kwa miaka mingi abiria wa Mombasa walipandia garimoshi la usiku katika Stesheni ya Nairobi. Safari hizo zilikoma mwaka 2017, ilipozinduliwa reli ya SGR, ambayo kituo chake kiko Syokimau, pembezoni mwa jiji. Stesheni kongwe, karibu na Barabara ya Haile Selassie, haikufungwa. Hupokea wafanyakazi kutoka Ruiru, Embakasi na Syokimau, na msafiri wa SGR huweza kuanzia hapo kwa garimoshi la kuunganisha, mradi aondoke mapema.

Jirani yake ni Makumbusho ya Reli, iliyofunguliwa mwaka 1971. Humo limo behewa alimonyakuliwa na simba Charles Ryall, mrakibu wa polisi, huko Kima mwaka 1900, akiwa amekuja kumwinda simba huyohuyo.