Visima vya Mchangani na Sheria ya Maji katika Turkana

Wazee wetu wa Lodwar na Kakuma hawakuwa na sheria ya maji iliyoandikwa, lakini desturi walikuwa nayo, na iliheshimiwa. Kiangazi kilipoikausha mito ya Kawalase na Tarach, watu walichimba visima mchangani. Kisima kilikuwa cha aliyekichimba na jamaa zake. Mwenye mifugo mwingine sharti aombe ruhusa kabla ya kunywesha.

Kisima cha mikono hakikumdhuru sana jirani, maana mkono huchoka. Pampu haichoki. Kambi ya wakimbizi ilipofunguliwa Kakuma mwaka 1992, visima virefu vikawa tegemeo la maelfu ya watu.

Sheria ya Maji ya mwaka 2016 yasema kwamba maji ni amana iliyo mikononi mwa Serikali ya Taifa kwa ajili ya wananchi. Basi mwenye ardhi si mwenye maji yaliyo chini yake; atakaye kuchimba kisima kirefu hana budi kupata kwanza idhini ya Mamlaka ya Rasilimali za Maji.

Ndugu wanachama, zamani aliyeomba ruhusa ni mnyweshaji; leo ni mchimbaji. Lakini karatasi ya kibali haijui ni jamaa gani huchimba mchangani kila kiangazi. Wazee wajua. Na waulizwe kabla mtambo haujaanza kazi.